Mchi wa Fighi

Asubuhi ile mchi ulikuwa na jasho. Wakesho aliupangusa kwa leso, akasema ni ukungu wa milima ya Mwanda, akaanza kutwanga. Ukanuka maziwa yaliyochacha.

Mumewe, Danson, alikuwa ameukata katika fighi, msitu wa wazee ambamo hata kuni haziokotwi. Kamti kembamba, ndugu mdogo wa mkangazi. "Majini hukaa miti mikubwa," alisema. Mwanamume mvivu wa kutembea hakosi elimu.

Wakesho alipopumzisha mikono, mtoto wake Dinah aliacha kupumua mgongoni.

Akatwanga. Mtoto akavuta pumzi. Akaacha, mtoto akakakamaa. Danson akatimua mbio kumwita mganga, huku nyuma Wakesho akatwanga mahindi yakawa unga, unga ukawa vumbi, akatwanga kinu kitupu, na kila alipoinua mchi alisikia ndani ya mti kitu kikipumua pamoja na mwanawe, kikicheka kama mtu aliyezibwa mdomo, mpaka viganja vikapasuka na damu ikanywewa na mti bila tone kufika chini.

Mganga, Mzee Obadiah, hakukikaribia kinu. "Jini hili hukaa penye kinyongo. Kila mtu atatasa: ateme maji, na hasira yake itoke nayo."

Danson akatema. Wakesho akatema, akitwanga. Akabaki Mbula, mama mkwe, ambaye hakuwahi kumpakata Dinah, kwa kuwa mjukuu wa kwanza alipewa jina la bibi wa Sagalla, mamake Wakesho, badala ya lake.

"Mama, tema," Wakesho alinong'ona. "Mikono imeisha."

"Mimi nilishatubu kanisani."

"Kwa ajili ya mtoto, mama!"

"Mtoto gani? Si umpeleke kwa mwenye jina?"

"Mbula," mzee akasema polepole, "mtoto anakufa."

Mbula akajaza maji mdomoni. Akamtazama mkwewe. Akameza.

Mchi ukachomoka mikononi mwa Wakesho, ukaingia katika viganja vya Mbula. Ukatwanga. Dinah akalia kwa sauti, akatafuta ziwa.

Danson alivuta vidole vya mamake hata kimoja kikavunjika, havikufunguka.

"Tema sasa, mama!"

Mbula akafunua kinywa. Kikavu kama gunzi.

Mzee Obadiah akachukua kofia yake. "Limepata moyo wa kukaa," akasema, akaenda zake.

Wakesho alimkaza mtoto mgongoni, akashika njia ya Sagalla bila kuaga. Nyuma yake kinu kiliendelea, na alisikia wazi pumzi mbili: moja ya mwanamke mzee anayechoka, na nyingine isiyochoka.