Mlango Uliokataa Udi

Kila asubuhi, sisimizivumbi elfu tatu walitoka kwenye nyufa za ukuta. Walikuwa roboti wadogo kuliko punje ya ulezi. Walipanda magodoro na mapazia, wakala ukungu, vumbi na utitiri, wale wadudu wasioonekana kwa macho ambao huishi kwenye matandiko na kuamsha pumu. Mhandisi Mwantumu aliwabuni kwa ajili ya binti yake Nasra, wa miaka sita, na tangu waingie katika fleti yao jijini Tanga mtoto hajabanwa kifua hata mara moja. Mlangoni aliweka kinusi, pua ya mashine iliyomkagua kila aingiaye.

Kinusi hicho ndicho kilichomkataa Bi Riziki, mama yake Mwantumu.

"Samahani, huruhusiwi kuingia," kilisema kwa adabu.

Bi Riziki akarudi kwake. Ijumaa iliyofuata alifukiza kanga zake kwa udi mara mbili, maana mtu akikataliwa mlangoni kwa mwanawe atajionaje kama si mchafu? Akakataliwa tena. Mara ya tatu alimaliza kopo zima la udi, na kinusi kikapiga king'ora hadi majirani wakatoka.

Mwantumu alitoka mbio huku akicheka. Alipouona uso wa mama yake, kicheko kikamkauka.

"Ni huo udi, mama. Moshi wake unambana Nasra."

"Na mimi nikadhani nanuka," alisema Bi Riziki. "Si ungeniambia mwenyewe, mwanangu? Umeiachia mashine."

Mwantumu aliona haya. Alikuwa amepima kila kitu cha nyumba ile, lakini kusema na mama yake hakukumbuka.

Bi Riziki alikifungia kabatini chetezo chake cha kufukizia udi, akafua kanga zake zote na kuzianika juani siku baada ya siku. Mwezi ulipotimia, kinusi kilimkaribisha. Alimkuta Nasra kochini, usingizi umemlemea, akampakata. Mtoto alizika pua shingoni mwake, akanusa, kisha akajinasua, macho bado yamefumba.

"Mama, nani huyu?"

"Bibi yako," alijibu Mwantumu.

"Bibi hanukii hivi."

Bi Riziki alimwekea sikio kifuani. Pumzi ziliingia na kutoka bila mluzi. Alishukuru kwa moyo wote, na machozi yakamtoka vilevile.

"Basi tujuane upya, mke mwenzangu," alisema.

Nasra akafumbua macho. Hakuna mwingine duniani aliyemtania hivyo.