Ngazi Saba za Daraja la Kwanza

Simu ya chumba cha vifurushi ililia mara mbili, ikanyamaza, ikalia tena.

Asukile akaipokea.

"Mahindi yameiva?"

"Yamepita Uyole alfajiri," alijibu mkubwa wake, Ezekia, kutoka Mbeya. "Dhahabu ya Lupa. Anayo mtu anayejiita Grewe, mgonjwa wa kiti cha magurudumu. Asipande basi la Dodoma."

"Nimpekue?"

"Mzungu? Bila ushahidi? Ukikosea, ukachero wako umekwisha, na karani Yotamu anafungwa miaka saba kwa wizi wa dhahabu hiyo, wizi asioufanya. Hukumu ni kesho."

Asukile alichomeka bastola yake ya Webley chini ya koti la uhamali, akatoka.

Stesheni ya reli, na reli yenyewe haipo. Ilipita Dodoma; Iringa yalifika mabasi tu. Ya Mbeya yalisimama uwanja wa chini, ya Dodoma uwanja wa juu. Kati ya viwanja hivyo, daraja la kwanza walipanda ngazi saba za mawe, maua huku na huku. Daraja la tatu walizungushwa nyuma, kwenye mteremko wa kusukumia mizigo.

Aliyeichora stesheni hiyo hakuwahi kubeba hata mfuko wake mwenyewe.

Saa tisa basi la Mbeya, Leyland kuukuu, liliingia. Grewe akashushwa kwa ubao, kitini mwake, blanketi magotini.

"Shikamoo, bwana. Nyuma kuna mteremko, kiti kitapita bila taabu."

Grewe alimtazama kama anayetazama kinyesi cha mbuzi.

"Mlango wa magunia na washenzi? Nibebe."

"Vyema, bwana."

Asukile na hamali mwenzake, Danieli, walimnyanyua. Mwepesi kama debe tupu. Wakamkalisha barazani, karibu na Inspekta wa polisi aliyekuwa akinywa chai, wakarudi kuchukua kiti.

Hakikunyanyuka.

Wakaita wawili zaidi. Kikafika ngazi ya pili, kikawaponyoka.

"Mnyalukolo, ndugu yangu!" Danieli alipiga kelele. "Mwenyewe tumembeba kama kitoto, kiti chake kinatushinda wanne? Amekalia mlima?"

Abiria wa daraja la tatu wakaangua kicheko. Bomba la kiti lilikuwa limepasuka. Ndani yake, njano tupu.

Inspekta akaweka kikombe chini.

Grewe akasimama. Kwa miguu yake miwili, mizima kabisa. Akachomoa bastola ya Luger, akatimua mbio.

Asukile hakumfukuza. Ngazini palijaa watu. Uwanja wa juu ulibaki na njia moja tu ya kutokea. Akazunguka nyuma, polepole, akasimama chini ya mteremko.

Grewe alishuka akihema. Kitako cha Webley kikampata kifundo cha mkono; Luger ikaanguka. Pingu zikalia kacha!

"Kumbe mlango huu unakufaa, bwana."

Akamkabidhi kwa Inspekta, akaenda kupiga simu.

"Ezekia. Yotamu alale kwake leo."

"Na Grewe?"

"Amepona miguu."

Akavua koti la uhamali, akalitundika msumarini, akashuka mteremko wa magunia akipiga mluzi.