Ufa Uliozibwa Juu ya Shimo

Kila asubuhi Mwashi alitoka na kikombe chake cha chai kwenda kuutazama ukuta wake. Haukuwa ukuta wa nyumba. Ulikuwa upande mmoja wa shimo alilochimba yeye na mkewe nyuma ya nyumba yao, ili wafungue machimbo ya changarawe. Ulipita kimo cha watu watatu. Mwashi alikuwa amejenga nyumba za watu miaka ishirini, basi na shimo lake alilichonga kama nyumba. Aliupima kwa timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyofu, akavimba kichwa.

"Umenyooka, mke wangu! Nani ana ukuta kama huu?"

"Kunywa chai, inapoa," mkewe akamjibu. "Ukuta hautakukimbia."

Mama yake Mwashi, ambaye wote walimwita Bibi, aliupenda ukuta huo kwa sababu yake mwenyewe. Asubuhi ulikuwa na kivuli kizuri. Alikaa pale chini na nyundo yake, akigonga mawe makubwa yawe kokoto.

Siku moja akaja Mpimaji, dada mwembamba kutoka ofisi ya madini. Bila yeye kuweka sahihi, kibali cha kuchimba hakitoki.

"Shikamoo, Bibi. Naomba uhamie kule mbali kidogo."

"Marahaba. Kule kwenye jua? Nimekukosea nini, mwanangu?" Lakini akahama, huku ananung'unika.

Mwashi akaleta timazi yake mbio. "Pima mwenyewe, dada. Uko wima kabisa."

"Naona, fundi. Hilo ndilo linalonitisha."

Mpimaji akaomba ndoo ya changarawe kavu, akaimwaga polepole juu ya gunia. Ikateremka pembeni, ikafanya kilima kidogo, ikatulia.

"Sasa isimamishe iwe wima."

Mwashi akaibana kwa viganja viwili. Alipoondoa mikono tu, ikaporomoka. Mkewe akaangua kicheko.

"Ukuta wa nyumba umeufunga kwa saruji," Mpimaji akasema. "Huu umeufunga kwa nini?"

"Lakini una miezi miwili umesimama!"

"Unashikwa na udongo kidogo na unyevu kidogo. Ukikauka sana, unaachia. Ukilowa sana, unaachia. Halafu hapa chini mmechimba kuingia ndani."

"Changarawe ya chini ndiyo safi," mke akajitetea.

"Ni kweli, wifi. Na ndiyo iliyobeba yote ya juu."

Wakapanda juu. Kando ya ukingo kulikuwa na rundo la udongo waliotoa shimoni. Mpimaji alisimama nyuma ya rundo, akakwangua chini kwa fimbo. Ufa ukaonekana, mrefu, umejazwa udongo mpya.

"Nani ameuziba?"

Mwashi akatazama viatu vyake. Ukweli ni kwamba aliuona ufa huo wiki mbili nyuma. Akaujaza udongo, akaushindilia, kama anavyoziba lipu iliyopasuka. Hakumwambia mtu. Aliogopa kazi isimamishwe.

"Mama yako anakaa chini yake," mkewe akasema, "na wewe umenyamaza?"

Aibu ikamshika Mwashi asijue pa kujificha.

Mpimaji hakumgombeza. Alipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, akapima kati yake. Sentimita arobaini. "Kuanzia leo hakuna mtu chini ya ukuta huu. Pima kila asubuhi, usivuke ufa. Ukiona umezidi hata kidogo, ujue unatembea."

Siku ya pili, arobaini. Siku ya tatu, arobaini na tatu. Mwashi akapima tena, jibu lile lile. Akainua kichwa, na chini kule, kivulini, akasikia nyundo inagonga. Bibi!

Aliteremka mbio. "Mama, toka hapo!"

"Jua litaniua huko! Nimalizie rundo hili."

Maishani mwake Mwashi hakuwahi kumpigia mama yake kelele. Siku hiyo alipiga. Akambeba begani, Bibi anampiga ngumi za mgongo na kumwita mwendawazimu. Hawajafika jikoni, ukuta ukashuka. Vumbi lilipotulia, nyundo haikuonekana, rundo halikuonekana.

Mwashi akaketi chini akalia. "Niliujua ule ufa, Mama. Niliuziba mimi."

Mpimaji alirudi, wakaanza upya, safari hii kutoka juu kwenda chini. Wakachonga ngazi pana, kila moja fupi kuliko kimo cha mtu, na uso wake umelala kama kile kilima cha guniani. Udongo waliotoa sasa waliumwaga mbali na ukingo. Juu wakachimba mfereji, maji ya mvua yapite pembeni. Chini hawakuchimba tena kuingia ndani. Mvua kubwa zikaja zikapita, ngazi zikabaki. Mpimaji akakagua, akaweka sahihi, na malori yakaanza kuja.

Bibi sasa hugonga kokoto mbali, chini ya turubai. Na kila asubuhi, kabla hajaketi, humwita mwanawe mbele ya wafanyakazi wote.

"Umepima?"

"Nimepima, Mama."

"Umeona ufa?"

"Sijaona."

Bibi humtazama usoni, ndipo anaketi.