Skuta na Mtu Mmoja Tu

"Siye bote tuko naye!"

Huyo ni Mama Francine, Mkongo wa Uvira, mama mkwe wangu mtarajiwa. Amesimama mbele ya foleni ndefu ya watu wa kila aina, kitenge kimefungwa kiunoni, mkono umekamata kiti cha skuta yangu, kigari cha betri cha wenye shida ya miguu, kama anaogopa nitaibiwa. Nyuma yake ukoo mzima kutoka Saltley, mtaa wao hapa Birmingham: mashangazi, mabinamu, watoto, na sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao, imefungwa kwa kitambaa.

Tulikuwa kwenye paking ya bustani ya burudani, safari ya kanisa. Kutoka pale hadi langoni unapanda basi dogo. Dereva, mzee mwenye kilemba cha samawati, beji kifuani imeandikwa Gurmeet, alishateremsha ubao wa kupandishia skuta.

"Wewe kwanza, bab," akaniambia, neno la upendo la watu wa Birmingham. "Skuta na mtu mmoja wa kukusindikiza. Wengine wapange foleni."

"Mutu moja?" Mama Francine akaniinamia. "Charity, binti yangu, mwambie siye ni famille. Mwambie hauwezi kuenda bila siye."

"Lakini ninaweza, Mama."

"Mwambie tu!"

"Siwezi kudanganya, Mama. Hawa watu wamesimama hapa na watoto wao tangu tufike."

"Wueh!" akasema, maana neno langu hilo la Kikenya amelipenda kuliko mimi mwenyewe. "Landry! Unasikia bibi yako?"

Landry, mchumba wangu, alikuwa amebeba begi la mamake, anaangalia viatu vyake.

Subirini niwaeleze, maana hasira hii haikuanzia hapo. Mimi ni mtoto wa Nakuru, ni nesi, na siku hizi nawahudumia wagonjwa kwa simu nikiwa nimeketi, kwa sababu nina ugonjwa wa neva. Kutembea natembea. Natoka kitandani hadi jikoni, naweza hata kucheza wimbo mmoja kanisani nikishika kiti. Halafu miguu inazima kama simu iliyoisha chaji. Landry ni fundi katika karakana moja Saltley. Tulijuana alipokuja kwangu Selly Oak kunibadilishia betri ya skuta, akakaa hadi chai ya pili. Nampenda yule mwanaume, sitawaficha.

Harusi yetu ilikuwa mwezi uliofuata. Na Mama Francine alikuwa ametoa amri: bibi harusi ataingia kanisani kwa miguu, skuta itabaki nje na magari. Nilipomuuliza Landry anasemaje, alijibu neno moja.

"Tutaona."

Sasa, usiku wa kuamkia safari, akanitumia ujumbe: "Baby, kesho acha skuta nyumbani. Watu wa kanisa watapiga picha nyingi. Nitakushika mkono."

Nikajibu: "Mkono wako utanibeba siku nzima?"

Asubuhi, ujumbe mwingine: "Baby, lete skuta. Mama amesikia eti mwenye skuta hapangi foleni."

Mmeona? Usiku ni aibu, asubuhi ni tiketi. Haki ya nani, nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikalia.

Basi turudi pale kwenye foleni.

"Kama hautaki kutusaidia," Mama Francine akasema, "toka mu hiyo kiti upange foleni kama siye. Siku ya ushuhuda ulitembea kanisani, bote tuliona!"

"Nilitembea, Mama, halafu nikalala kitandani siku zilizofuata. Hiyo hamkuona kwa sababu hakuna aliyekuja kuniona."

Mashangazi wakasogea karibu.

"Na nikwambie kitu kingine kwa heshima zote," nikaendelea, na sauti ilikuwa inapanda, sikuizuia. "Siku ya harusi mnataka kuificha skuta yangu, leo mnataka kuipanda watu wote. Haiwezekani. Kama ni yangu, ni yangu siku zote. Dereva amesema mtu mmoja. Landry!"

Akainua macho.

"Nafasi ni moja. Unapanda na mimi ama unabaki?"

Akamwangalia mamake. Akaniangalia. Akaliangalia begi.

"Baby, tungojee kidogo tu, tuta..."

"Usimalizie!"

Nikabonyeza kitufe, nikapanda ule ubao peke yangu. Gurmeet akanifungia mkanda wa skuta, akawaita walio mbele kwenye foleni. Dirishani nilimwona Landry bado ameshika lile begi.

Simu ikaita kabla sijafika langoni. Nikaiacha. Ikaita tena.

"Unataka nini?"

"Charity, umeniacha mbele ya watu."

"Wewe umeniacha mbele ya mamako, tena si leo tu."

"Unajua Mama alivyo. Nilitaka nimwambie polepole."

"Lini? Nikiwa nimelala chini katikati ya kanisa na shela usoni?"

Akaanza tena habari za Mama, nikamkatiza.

"Sikiza, Landry. Nimechoka na hiyo 'tutaona' yako. Mimi nitaingia kanisani na skuta, iwe na maua, iwe na matope. Kama skuta haiingii, basi bibi harusi haingii. Na nafasi ya kando yangu ni moja, na si ya mtu wa kungoja ruhusa."

"Unavunja harusi?"

"Nakuuliza wewe. Uko ama hauko?"

Nikakata. Nikaiweka simu mapajani. Nilikuwa nimesema yote, na sasa niliogopa kwamba atanijibu. Nikaivua pete yake ya uchumba kidogo, ikafika kwenye kifundo cha kidole, nikairudisha. Nikaketi pale langoni, watu wananipita na puto zao.

Nikamwona anakuja. Si kwa basi. Kwa miguu, ile barabara yote kutoka paking, shati limelowa jasho, hana begi.

"Kwani basi limeharibika?" nikamuuliza, nimekaza uso.

"Nafasi yangu kwa basi iliondoka na wewe. Nyingine ilikuwa nyuma ya watu wengi, na sikutaka kungoja tena, na sikutaka kuruka foleni." Akapumua. "Begi nimemrudishia Mama."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia Charity anaingia na skuta, na mimi niko kando yake. Mbele ya mashangazi wote."

"Akasema?"

"Sikungoja aseme."

Aki ya Mungu, nilijaribu kukasirika zaidi nikashindwa. Nikasimama, nikamkumbatia na jasho lake lote.

"Ukiniambia tena tutaona..."

"Sitakuambia. Nisamehe, Charity. Nilikuwa mwoga."

"Ulikuwa mwoga sana."

"Sana."

Basi la pili lilikuwa limefika, watu wanashuka, ukoo wa Saltley ukiwa kati yao. Mbele yao kulikuwa na jamaa mmoja aliyebeba mtoto mabegani, mmoja wa wale waliobaki kwenye foleni nilipopanda basi. Akaniona nimesimama. Akapaza sauti kwa Kiingereza ili wote wasikie:

"Kumbe anatembea! Sisi tunapangishwa foleni bure, na yeye hana hata ugonjwa!"

Uso ukaniwaka. Nilifungua mdomo, lakini kuna mtu alinitangulia.

"Weye!"

Mama Francine Kiingereza anakijua, ila akikasirika kinamtoroka. Akampelekea yule jamaa kidole hadi puani.

"Hiyo miguu ni yako? Ni weye unalala nayo? Ni weye unaamuka nayo? Mutoto wangu akisimama, amesimama! Akikaa, amekaa! Inakuhusu nini? Eeh? Inakuhusu nini?"

Jamaa hakuelewa neno hata moja, lakini kidole alikielewa. Akaomba radhi, akapotea na mtoto wake.

Mama Francine akabaki anahema, na naona mwenyewe alisikia alichotoka kusema. Akashusha mkono.

"Usifikirie nimekusamehe," akaniambia.

"Sijaomba msamaha, Mama."

"Kichwa nguvu, mukaidi weye."

"Ndiyo, Mama."

Akakaa kwenye benchi, akanyoosha kitenge magotini. Aliongea bila kuniangalia.

"Video ya harusi itafika Uvira. Dada zangu bataiangalia. Batasema nini?"

"Watasema Landry ameoa mwanamke mwenye skuta. Na itakuwa kweli."

"Batanihurumia. Sitaki kuhurumiwa."

"Hata mimi sitaki, Mama. Ndiyo maana siwezi kuingia pale nikianguka-anguka ili watu wapate picha."

Hapo ndipo akaniangalia. Kisha akafungua ile sufuria, akanipakulia pondu kabla ya Landry, kabla ya mashangazi.

Mwezi uliofuata, Saltley, mlangoni mwa kanisa. Viti vilikuwa vimesogezwa, njia pana katikati. Kwa desturi yao, bibi harusi haingii peke yake, ukoo mzima huingia ukicheza umemzunguka. Ngoma ilipoanza tu, wote wakanimiminikia, binamu huku, shangazi kule, mwingine ameshika usukani kabisa, kila mmoja anataka awe kwenye video.

Mama Francine akajitanda mbele yao mikono imepanuliwa, kilemba cha sherehe kimekaa upande.

"Hapana! Skuta kwanza, na mutu moja! Bengine bote, foleni!"

"Lakini Mama Francine, siye ni famille!" shangazi mmoja akalalamika.

"Famille inapanga foleni! Landry, kuja hapa, shika nafasi yako."

Landry akaja, akaweka mkono begani kwangu. Nyuma yetu ukoo mzima ukajipanga ukicheza, Mama Francine akiwa wa mwisho kabisa kuhakikisha hakuna anayeruka.

Nikabonyeza kitufe, tukaingia.