Diski Iliyopiga Hodi

"Umekosea waya wewe!"

"Mjomba, waya sijagusa. Nimeongeza diski mpya tu."

"Na kompyuta ya watu imekufa. Isipowaka kabla mwenyewe hajaja, kesho usirudi hapa."

Rafiki yangu, niliyeacha naye shule, hakuwa na kazi nyingine. Alikuwa akijifunza ufundi kwa mjomba wake, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Alibadilisha mpangilio ili kompyuta ianze na diski ya zamani, lakini ilipojiwasha upya skrini ikawa nyeusi tena. Ndipo diski mpya ikagonga: ngo, ngo, ngo. Ikanyamaza, kisha ikagonga tena mara tatu, taratibu.

"Loo, hata diski inakupigia hodi!" mjomba akamcheka.

Naye kwa hasira akajibu, "Karibu!"

Kompyuta ikawaka palepale. Mjomba akashusha pumzi. Lakini taa ilififia, na nyuma yao wakasikia ndala zikiburutwa sakafuni, kisha kimya. Waligeuka, wasione mtu.

Mke wa mjomba akafungua mlango, akaitazama ile kona tupu yenye giza, akasema, "Shikamoo, mzee. Jamani nanyi, mbona mmemwacha mgeni amesimama?"