Mshenga na Vivuli vya Saumu

Mtambo ule ulikaa katikati ya chumba, mnene kama tangi la maji, na jina lake lilikuwa Mshenga. Jina lilimkaa vizuri. Kama mshenga wa watu anavyotumwa kuposa, huyu wa chuma alitumwa vyuo vikuu vya mbali kumtafutia mwanafunzi mahali pa kusomea. Tofauti ni kwamba yeye hakupeleka maneno matamu. Aliinakili akili ya mwanafunzi, akapata kivuli chake: mtu wa mwanga mwenye kumbukumbu zilezile, aibu zilezile, hata kikohozi kilekile. Kivuli kilipandikizwa ndani ya mfano wa chuo, pamoja na walimu wake, baridi yake na sheria zake, kikaishi humo miaka mitano ya shahada ya uzamivu. Nje, katika jiji la Tanga, miaka hiyo mitano ilipita kabla chai haijapoa.

Saumu alikuwa amekaa mbele ya kioo, mkono wake umo mkononi mwa mama yake, Bi Mwantumu. Kesho yake angetimiza miaka ishirini na sita, na sheria ya viza za masomo haikuwa na huruma: mwanafizikia aliyevuka umri huo bila chuo hakuruhusiwa kuomba tena maishani. Maabara za nchini zilikuwa zimekabidhiwa roboti zamani, kwa hiyo hapakuwa na pa kurudi. Vyuo viwili tu vilikuwa vimemkubali. Dirisha la viza lingefungwa saa kumi alasiri, na ilikuwa imebaki robo saa.

Baya zaidi, viza ilimfunga mwanafunzi kwa msimamizi mmoja. Ukigombana naye, au yeye akihama, ulirudishwa kwenu, na safari yako ikaishia hapo. Kwa hiyo Saumu hakuwa anachagua chuo. Alikuwa anachagua mtu asiyemjua, wa kumshikia maisha yake.

"Majibu haya hapa," alisema Mbaruku, fundi wa Mshenga. "Chuo cha Mzingo, kile kinachoelea juu angani, alama tisini na nane. Chuo cha Ziwa Baridi, kule kaskazini, arobaini na moja. Dada, hapa hakuna cha kuuliza."

Bi Mwantumu alipiga kigelegele, akakikatiza katikati kwa kuona aibu. "Angani, mwanangu! Watakuona wapi tena hao majirani waliokucheka kwa kusoma fizikia?"

Saumu alitaka kufurahi, furaha ikagoma. "Kaka Mbaruku, alama hizi zinapatikanaje?"

"Rahisi. Kila mwezi Mshenga anakiuliza kivuli: habari za masomo, habari za msimamizi, habari za afya. Jibu ndilo alama. Wataalamu walioutengeneza mtambo huu wanasema mtu hawezi kuidanganya nafsi yake."

"Naomba nikisikie kinavyojibu."

"Unapoteza muda, dada."

"Naomba."

Mbaruku alishusha pumzi, akaulinganisha mwendo wa saa za kule na wa huku. Kwenye kioo kikatokea chumba chembamba cha chuma, na ndani yake Saumu mwingine, kichwa kimefungwa kanga, macho yameingia ndani.

"Habari za masomo?" aliuliza Mshenga kwa sauti yake laini.

"Nzuri."

"Habari za msimamizi?"

"Njema tu."

"Habari za afya?"

"Salama, namshukuru Mungu."

"Umeona?" Mbaruku alisema. "Nzuri, njema, salama."

 Ile "njema tu" Saumu aliijua. Aliitoa mwenyewe siku ya msiba wa baba yake, jirani alipompigia simu na kumuuliza habari za nyumbani. "Njema tu," alijibu, kisha akameza mate na kusema, "ila baba ametutoka asubuhi." Kwetu ndivyo tulivyolelewa, nyumba inaungua na bado utajibu nzuri kwanza, ndipo useme ila. Na anayekuuliza anajua, hukaa akaisubiri hiyo ila. Mshenga hakusubiri. Alichukua neno la kwanza, akaligeuza alama, akaenda zake.

"Mama," Saumu alinong'ona, "msalimie wewe."

Bi Mwantumu alisogea kwenye kioo. "Saumu, mwanangu."

Kivuli kiliruka. "Shikamoo mama!"

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri, mama."

"Unakula?"

"Nakula."

"Na huyo mwalimu wako, mnaelewana?"

"Tunaelewana, ila..." Kivuli kiliikaza kanga kichwani. "Ila alihama mwaka wa pili, mama. Aliitwa na kampuni, akaondoka bila kuniaga. Wakuu wa chuo walisema nikikaa kimya na kusafisha vifaa vya vipimo vya wenzangu hawataigusa viza yangu. Miaka mitatu sasa sijafanya fizikia. Sijaongea na mtu kwa mdomo tangu sijui lini. Kila mwezi sauti inaniuliza habari, nami nasubiri iniulize tena. Haiulizi."

Mama akaanza kulia waziwazi. Mbaruku alikuwa ameinamisha kichwa. Saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika tano.

"Nipe wa Ziwa Baridi," Saumu alisema. "Haraka!"

Kioo kiligawanyika. Saumu wa tatu alikuwa amejifunga masweta mawili, pua nyekundu.

"Habari za masomo?" Mshenga aliuliza.

"Mbaya! Mlinganyo umegoma wiki nzima, na Profesa Ingvild amenifokea mbele za watu, nami nikamfokea. Tumepatana juzi tukinywa supu. Baridi ya huku ni balaa."

Saumu alielewa, na akataka kucheka na kulia kwa pamoja. Huyu alikuwa amezoea kusema mbaya kwa sababu palikuwa na watu wa kumwambia, na walikaa kumsikiliza.

"Nachagua Ziwa Baridi," alisema.

"Bonyeza kitufe mwenyewe, ndiyo sheria," Mbaruku alijibu bila kumtazama. "Ukibonyeza, vivuli vyote viwili vinafutwa. Zimebaki dakika mbili."

"Vinafutwa? Wanajua?"

"Hawajui. Kwao ni maisha."

Yule wa Mzingo alikuwa bado anamtazama Bi Mwantumu, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye kioo. "Mama, mbona kimya? Mmekuja kunichukua?"

Bi Mwantumu alimgeukia binti yake, kisha akakigeukia kioo. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Tumekuja kukuchukua. Funga mizigo."

"Kweli? Leo hii?"

"Leo hii. Fanya upesi, gari linasubiri."

Yule wa Mzingo alipiga makofi kama mtoto. Alivuta begi kutoka chini ya kitanda, akatupia nguo humo bila kuzikunja, huku akisema na mama yake kwa furaha, akiuliza nani amepika leo na kama shangazi yupo. Akapiga magoti kutafuta kiatu cha pili. Alikuwa bado anakitafuta, anacheka, pale Saumu alipobonyeza.