Polikarpo na Matapeli wa Gawio

Tangu Polikarpo anunue hisa za kiwanda cha sabuni, mtaa wao pale Tegeta ulikoma. Akiingia dukani kwa Mwishehe akaona sabuni ya kampuni nyingine, alifoka.

"Mwishehe, hii takataka unamuuzia nani? Uza sabuni yangu!"

"Sabuni yako? Si wewe mchonga vinyago?"

"Nina hisa elfu mbili. Ile kampuni mie ni mmoja wa wenyewe!"

Na kweli, mwenye hisa ana sehemu ya kampuni, ingawa sehemu ya Polikarpo isingetosha kufulia leso. Alizinunua miaka mitano nyuma, kila moja shilingi mia sita, baada ya kuuza kinyago kikubwa cha mpingo. Yeye na mkewe Benedicta walikubaliana: hela hiyo ni ya binti yao Marietha, asomee uuguzi akimaliza kidato cha nne. Wakati huo Marietha alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza.

Jioni moja Polikarpo alirudi amenuna. Bei ya hisa ilikuwa imeshuka hadi mia nne na ishirini.

"Mama Marietha, tumekwisha! Kesho nauza zote. Nikodemu kanunua za kampuni ya vinywaji, zimepanda mara mbili kwa miezi mitatu. Nahamia huko."

Benedicta alishtuka. "Hela ya mtoto uirushe kwa maneno ya Nikodemu? Yule aliyekuuzia kuku wa mayai, wote majogoo?"

"Hayo yalishapita."

Benedicta hakubishana naye. Alimwita jirani yao Auleria, karani katika ofisi ya dalali wa hisa, ambako watu huenda kununua na kuuza hisa.

"Kaka Polikarpo," Auleria akaanza, "kiwanda kimefungwa?"

"Hakijafungwa."

"Watu wameacha kufua?"

"Wanafua."

"Sasa unakimbia nini?"

"Bei, dada! Bei!"

Auleria akacheka. "Sikiliza. Wachunguzi wamezipima hisa za Marekani kwa karibu miaka mia. Zile zilizoongoza hazikupanda mara mbili kila mwaka. Kwa wastani zilipanda asilimia kumi na kitu tu kwa mwaka, lakini kwa miaka mingi mno. Na njiani zilianguka, nyingine zaidi ya nusu. Aliyeuza kwa woga siku ya kuanguka hakuuonja utamu."

"Basi nitajie hizo bora nizinunue!"

"Thubutu! Ningezijua za kesho, ningekuwa nagombania maji na nyie hapa? Hisa nyingi hazikufika mbali. Chache ndizo zilizobeba karibu faida yote, na ni vigumu kuzijua mapema. Ndiyo maana hela unaigawanya kwenye kampuni kadhaa. Halafu gawio, ile faida mnayogawiwa wenye hisa, unalinunulia hisa nyingine. La kwako umelifanyia nini?"

"Gawio gani? Sijaona hata senti."

"Hukuwahi kupata ujumbe wa kuomba akaunti yako ya benki?"

Polikarpo akatanua kifua. "Wale! Kila mwaka wananiandikia, eti gawio lako lipo, fika ofisini na akaunti yako. Mie wa kuibiwa? Mwaka jana niliwajibu, hiyo hela wampelekee mama yao!"

Auleria aliomba simu, akasoma, akashika kichwa.

"Kaka, hawa si matapeli. Ni kampuni yako. Umewakimbia wahasibu wako miaka mitano, mwaka jana ukawatukana! Kuogopa matapeli ni vizuri, lakini unakwenda ofisini kuuliza."

Benedicta alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake Polikarpo alikwenda ofisi ya kampuni na kitambulisho. Karani wa huko alisoma jina, akamtazama. "Kumbe ndiye wewe!" Polikarpo alitamani ardhi ipasuke. Lakini alilipwa gawio la miaka yote, karibu laki nne. Hisa za sabuni hakuziuza. Kwa gawio lile walinunua hisa za benki na za kiwanda cha mabati, ingawa Polikarpo alilalamika, "Nani ametajirika kwa mabati?" Kila mwaka gawio lilinunua hisa nyingine.

Miaka saba ikapita. Hisa za benki zililala palepale. Vinywaji vya Nikodemu vilishuka kuliko vilivyopanda. Sabuni ilifika shilingi elfu moja, na mabati yakapanda mara tano. Barua ya Marietha ya chuo cha uuguzi ikafika, na ada ikatakiwa.

Sasa Polikarpo ndiye aliyegoma. "Tusiuze! Zinapanda! Tungoje kidogo."

"Baba Marietha," Benedicta akasema, "tumengoja miaka kumi na miwili. Hisa hizi tulizinunua za nini?"

Polikarpo aliitazama barua, jina la binti yake limeandikwa juu. Alijawa na furaha, na bado roho ilimuuma.

"Za mtoto," akajibu taratibu.

Waliuza za kutosha ada tu, nyingine wakaziacha. Kwa dalali Polikarpo alitia saini, akafuta macho, akamwinamia Auleria.

"Huyo anayezinunua," akanong'ona, "mwambie azitunze."